Nchi Tupu Ilikuwa Tupu Tangu Lini?

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno hapa Naivasha, sokoni, ndani ya matatu, hata matangani: Wazungu walipofika, nchi hii ilikuwa tupu. Nyasi, swala na upepo. Wakaja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakalima, nchi ikawa nchi. Anayeisema huwa hana nia mbaya. Aliisoma shuleni, au alimsikia babu yake aliyekuwa mpishi wa bwana shamba. Lakini mimi hainiingii akilini. Nchi yenye ziwa la maji baridi na malisho mapana kiasi hiki ingekaaje bila mwenyewe?

Nilianza kuuliza hapa Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa, kwa sababu Kihoto ndiko karatasi na ardhi zinakopingana waziwazi. Mwaka 2020 maji ya ziwa yaliingia majumbani. Mwaka 2025 yakaja tena, watu wakahama na magodoro kichwani. Ukifuatilia mpaka wa ziwa katika hati za mashamba ya kale unafikishwa kwenye kipimo kimoja: mita 1,892.8 juu ya usawa wa bahari, kimo cha maji kilichochukuliwa mwaka 1906. Ziwa lenyewe halikupewa taarifa. Lilijaa miaka ya 1890, likajaa tena karibu na 1917, likanywea vibaya katikati ya miaka ya 1940, na sasa limerudi. Mzee mmoja alinionyesha kwa fimbo mahali alipokuwa akichunga akiwa kijana. Leo hapo pana viboko. Ikiwa wapimaji waliliona ziwa mwaka mmoja wakaliandika kana kwamba halitasogea, walifanya vivyo hivyo kwa watu?

Nyaraka za mkoa wa zamani wa Naivasha zimehifadhiwa Nairobi. Siku hizo mji huu mdogo ulikuwa makao ya mkoa uliofika hadi uwanda wa Uasin Gishu, kwa hiyo nilitarajia mengi. Nikakuta mvua, nyumbu, kodi ya vibanda, likizo za maofisa. Wenyeji hujitokeza wanapodaiwa au wanapokosa. Wakilisha ng'ombe wao kwa amani, hakuna karani anayeandika. Ukimya wa faili basi ni ushahidi wa nini, kwamba watu hawakuwapo, au kwamba hawakuwa na kesi?

Ilibidi nirudi nyuma zaidi, kabla ya reli. Mwaka 1883 Wazungu wawili, Mjerumani na Mskoti, walifika Naivasha kila mmoja na msafara wake. Hawakuwa wa kwanza. Wafanyabiashara Waswahili wa pwani walikwisha kuizoea njia hii, na wasafiri hao walitegemea wapagazi na wakalimani wa pwani kuipita. Wote wawili walisimamishwa na Wamasai na kudaiwa hongo: nyaya, shanga, vitambaa. Mtu halipi hongo kwa swala. Miaka 17 baadaye reli ilipofika, maofisa wakatazama bonde lilelile wakasema halina watu. Kati ya hapo palitokea nini?

Palitokea msiba. Sotoka iliingia mwaka 1890 na 1891 ikafyeka ng'ombe. Ndui ikafuata mwaka 1892. Njaa ikaja juu yake, na Wamasai wenyewe wakapigana vita vya koo kwa koo vilivyoendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Naivasha na Nakuru mwaka 1900, ikapita katikati ya nchi iliyokuwa bado matangani. Maofisa walichokiona ni msiba, wakauandika kama tabia ya nchi. Lakini ng'ombe huzaa, na watoto hukua. Kufikia 1904 mifugo ilikuwa inarudi. Ingekuwa nchi ni tupu kweli, mwaka huo ungehitajika mkataba wa kumhamisha nani?

Kabla ya mkataba palikuwa na sheria. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu kuuza na kukodisha ardhi kwa walowezi, na kanuni za siku hizo zilitaja shamba la kuanzia la ekari 160. Namba hiyo haikuzuka Nakuru. Marekani ilikwisha kuitumia mwaka 1862, ikimpa mlowezi wa mbugani ekari 160 mradi akae na kulima miaka mitano. Kanada nayo ikaichukua mwaka 1872. Kule pia mbuga zilitangazwa tupu, huku wenyeji wakisukumwa kwenye maeneo waliyotengewa na makundi ya nyati wa huko yakimalizwa kwa bunduki. Hapa kwetu ekari 160 zilikuwa za mlowezi mdogo. Mwaka 1903 bwana mmoja mwenye cheo alipata ekari 100,000 karibu na Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Na sheria hiyohiyo ilikataza kugawa ardhi inayokaliwa na wenyeji. Malisho ambayo wenye ng'ombe wameyaacha msimu mmoja ili nyasi zipumzike, yanakaliwa au hayakaliwi?

Jibu likaandikwa Agosti 1904. Wamasai walikubali, kwa mujibu wa karatasi, kuondoka katika bonde la Naivasha na Nakuru. Wengi wangekwenda Laikipia, wengine kusini ya reli. Karatasi hiyo iliahidi kwamba makubaliano yangedumu maadamu Wamasai wapo duniani. Wakabakiziwa maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara, na njia yenye maji ya kuunganisha Laikipia na kusini, ili jamaa watembeleane na mifugo ipite. Waandishi wengi husema njia hiyo ilikuwa ya nusu maili kwa upana. Njia pana namna hiyo haifichiki. Sasa iko wapi?

Niliitafuta. Nilianza Gilgil nikashuka kusini, nikiuliza wachungaji na wazee wa mashamba, hadi maeneo ya Longonot na Kedong. Nilionyeshwa sehemu tatu zisizopatana: ya kwanza ni mkondo wa maji ya mvua, ya pili ni njia ya pundamilia, na ya tatu ni barabara ya kampuni ya maua. Juu Kinangop, mahali pa tohara, kila niliyemuuliza aliniuliza mimi. Katika ramani nilizofunguliwa, mashamba yamepangana ua kwa ua, na hakuna nafasi ya nusu maili. Tunalojua ni kwamba karantini za mifugo na nyua za walowezi ziliizima safari ya ng'ombe kati ya kaskazini na kusini. Nimeifuata njia iliyoandikwa, sikukuta alama. Je, ile ambayo hakuna mkataba ulioiahidi, ya magari ya Makaburu, imeacha alama zaidi?

Hiyo ndiyo njia inayosimuliwa kwa fahari, na huanzia Nakuru. Julai 1908 meli iitwayo Windhuk iliwashusha Mombasa Makaburu waliopanda Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Walikuwa wakulima waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Walikuja na wake, watoto, farasi, majembe na magari 42 ya mbao yaliyofunguliwa vipande vipande. Treni maalum zikawapandisha Nakuru. Waandishi wengine hutaja familia 47, wengine 58. Idadi ya watu wote huwekwa zaidi ya 250. Tofauti ya familia 11 si ndogo katika msafara ambao kila gari limehesabiwa. Ilikuwaje magari yapate namba moja na watu wapate namba mbili?

Huenda sababu ni nyepesi. Wengine walijiunga baadaye. Wengine walikwisha kutangulia. Na hapa kauli ya kwanza ya fahari, kwamba hawa wa 1908 ndio waanzilishi wa Uasin Gishu, inaanza kulegea. Ndugu wa ukoo mmoja kutoka Afrika Kusini walifika uwandani mwaka 1903, na msafara mdogo ukafuata mwaka 1906. Hata Wazayuni walikwisha kupewa ahadi ya uwanda huohuo na Uingereza mwaka 1903, wakatuma wachunguzi, na mwaka 1905 wakaikataa. Nchi moja ilitembezwa kwa wateja kadhaa ndani ya miaka mitano. Mtembezaji alimuuliza nani mwenyewe?

Nakuru msafara ulikaa kwanza, na kisa cha kukaa huko ndicho kilichonivutia kuliko vumbi la safari. Magari yalikuwepo, wa kuyavuta hawakuwepo. Ikabidi wanunue ng'ombe wa kienyeji na kuwafundisha nira. Fikiria kazi hiyo: fahali wa porini, aliyezoea kuitwa kwa mluzi, anahasiwa na kufungwa pamoja na wenzake chini ya mti mzito, anajifunza kugeuka kwa amri ya lugha asiyoijua. Gari moja huhitaji jozi baada ya jozi. Ukiwa na magari 42 unahitaji mamia ya maksai. Waliuzwa na nani, katika nchi ambayo haina watu?

Naona swali hilo pekee linatosha kuivunja kauli ya sokoni. Lakini nisifurahi mapema. Mlowezi aliyenunua maksai Nakuru hakuwa akienda kuishi Nakuru. Alikuwa akipanda Uasin Gishu, na huko habari inaweza kuwa nyingine. Agosti 1908 magari yakaondoka mjini, yakielekea milima ya kaskazini-magharibi. Kwa njia gani?

Nilipoteza muda Londiani. Wazee wa pale wana hakika kwamba Makaburu walipita kwao, na wanajua hadi kilima ambacho magari yalikuwa yakikwama. Wanasema kweli, ila ni kweli ya miaka ya baadaye. Kutoka stesheni ya Londiani ndiko mizigo ya Eldoret ilikokuwa ikipandishwa kwa magari ya maksai, hadi reli ilipofika Eldoret mwaka 1924. Simulizi nyingi za msafara wa 1908 zinaupitisha Eldama Ravine, kwenye boma la zamani la serikali lililokuwa kwenye njia ya misafara ya Uganda, kisha juu kwenye msitu wa mianzi hadi Timboroa. Kumbukumbu mbili zimelala moja juu ya nyingine. Ukiuliza kizazi cha tatu, utawezaje kuzitenganisha?

Nikaenda Ravine, nikapanda. Leo ni lami na malori, na anayetaka kuziona alama za magurudumu ya 1908 atazikosa. Msitu umepandwa upya, tope limekwisha kuwa tope lingine. Lakini mlima haujabadilika. Kutoka Nakuru, mahali palipo kama mita 1,850 juu ya bahari, magari yalipaswa kufika zaidi ya mita 2,700, katika mvua, kwa maksai waliojifunza nira juzi. Walikata miti na mianzi wakaitandika juu ya kinamasi ili magurudumu yasizame. Gari likishindwa, maksai wa magari mengine hufunguliwa wakaongezwa mbele. Safari ambayo matatu inaimaliza kwa saa tatu iliwachukua takriban wiki 11. Tarehe ya kufika mwamba wa Sergoit huandikwa 22 Oktoba. Huo ni ujasiri, na sioni haja ya kuunyima jina lake. Ila nani alishika kamba ya maksai wa mbele, na nani alikata mianzi?

Katika vitabu vya kumbukumbu vya walowezi, mtu huyo huitwa boi. Hana jina, hana kabila kila mara, hana kwao. Picha za magari ya maksai za miaka ile nimeziona kadhaa: mwenye mjeledi ana jina chini ya picha, farasi wakati mwingine ana jina. Aliyetangulia miguu peku mbele ya pembe hana. Je, alipofika uwandani alirudi kwao au alibaki?

Maisha yenyewe ya uwandani hayakuwa ya kifahari, na hapa simulizi ya walowezi ninaiamini zaidi, kwa kuwa ina aibu kidogo ndani yake. Walianza ndani ya magari na mahema, kisha nyumba za udongo na nyasi zisizo tofauti sana na za majirani zao Wanandi. Sabuni na mishumaa ilitengenezwa nyumbani kwa mafuta ya wanyama. Nyama ilitiwa chumvi na kukaushwa. Ngano ilipata kutu, ng'ombe walipata ndigana kali, watoto walipata homa mbali na daktari. Wengi waliishi kwa kubeba mizigo ya wengine kwa magari yao kuliko kwa mavuno. Yule bwana wa ekari 100,000 kule Njoro naye alipoteza kondoo, ng'ombe na ngano kwa maradhi. Tofauti ni kwamba alikuwa na fedha za kujaribu tena. Kwa nini basi hadithi inayobaki midomoni ni ya ushindi tu?

Chukua kisa cha kasha la chuma. Kila mgeni wa Eldoret husimuliwa: benki ya kwanza, mwaka 1912, ilijengwa pale kasha la fedha lilipoanguka kutoka garini, kwa kuwa lilikuwa zito lisiloinulika, wakazungushia kuta. Ni kisa kitamu. Nimekisikia kwa sura zaidi ya moja: kasha lilianguka, au lilisukumwa, au gari lilivunjika. Inawezekana ni kweli. Lakini watu waliotandika mianzi juu ya kinamasi na kuvusha magari 42 mlimani, walishindwa vipi na kasha moja kwenye ardhi tambarare?

Nilipofika Sergoit nilitaka kuona jambo moja tu: kama uwanda huu ulikuwa mtupu. Wakati huo, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Wamasai wa Uasin Gishu waliokuwa wakiumiliki walivunjwa vitani na kutawanyika kabla ya Waingereza kufika. Wanandi waliolisha baada yao walipigwa vita na serikali. Kiongozi wao aliuawa Oktoba 1905, wakasukumwa kwenye eneo lao la hifadhi, miaka mitatu tu kabla ya magari kuingia. Kwa hiyo mlowezi wa 1908 aliyeandika kwamba aliona nyasi bila watu huenda hakudanganya. Aliikuta nyumba baada ya wenyewe kutolewa. Na kabla ya hao wote?

Ardhi ya uwanda ina mashimo. Mabonde madogo ya duara, mengine yamezungushiwa mawe, yametapakaa nyandani. Wenyeji huyahusisha na watu wa kale waitwao Wasirikwa. Mashimo ya namna hiyo yako pia mlangoni mwa Nakuru, kwenye kilima cha Hyrax Hill, ambako wanaakiolojia walichimba mwaka 1937 na 1938; yalikuwa maboma ya wafugaji, ya karne kadhaa kabla ya reli. Walowezi walilima juu yake. Wengine waliyaona wakashangaa. Mtu anayelima juu ya zizi la mtu mwingine, hata likiwa la miaka 400, anaweza kujiita wa kwanza?

Kuna njia nyingine, na hii haina mwamba wala meli. Familia za Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri zilivuka milima na kuteremka bondeni, na mbuzi wao na vyungu vyao, kutafuta malisho kwenye mashamba ya walowezi. Wengi walianza kuja kwa hiari, kwa kuwa mlowezi alikuwa na ardhi asiyoweza kuilima na wao walikuwa na mikono. Wakafyeka misitu ya Elburgon na Molo, wakalima ukingo wa Naivasha. Sheria ya mwaka 1918 ikawageuza vibarua: siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka kwa ruhusa ya kuishi. Kipande, cheti cha kazi, kikawafuata shingoni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo yao ikaanza kufagiliwa nje ya mashamba, na operesheni hiyo wao wenyewe wakaiita kifagio. Mtu aliyevunja ardhi mpya kwa jembe la mkono, akajenga, akazaa na kuzika hapo, anakosa nini ili aitwe mwanzilishi?

Anakosa hati. Hivyo tu. Msafara wa 1908 una tarehe ya kuondoka na ya kufika, una idadi ya magari, una jina la meli. Njia ya hao Wakikuyu, waliokuja kuitwa skwota, haina hata moja kati ya hizo, ingawa ilipitwa na watu wengi zaidi. Na njia ya Wamasai ilikuwa na hati nzuri kuliko zote, iliyotiwa sahihi na dola, bado haikufunguliwa. Mwaka 1911 karatasi nyingine ikaandikwa, Wamasai wakahamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia yenyewe kwenda kusini. Walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya dola na watu wa nchi ya kigeni, hivyo mahakama haina mamlaka juu yake. Serikali iliyokusanya kodi kwao iliwaona wageni siku moja tu, siku waliyodai. Nimeisoma hoja hiyo zaidi ya mara moja nikitafuta mahali nilipokosea kuielewa. Wewe utaipata?

Hukumu yangu juu ya kauli ya sokoni ni hii. Bonde la Naivasha na Nakuru halikuwa tupu. Lilikuwa na wagonjwa, wafiwa na ng'ombe waliokuwa wakiongezeka, na likaondolewa watu kwa karatasi. Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa na watu wachache mwaka 1908 kwa sababu ya vita, na vita vya mwisho ni vya serikali iliyougawa. Walowezi waliteseka kweli njiani. Mateso yao na kuondolewa kwa wenyeji, hayo mawili hayafutani.

Kwa wasomaji wa Kihoto, Njoro, Molo na Burnt Forest nina ombi. Kama kwenu kuna kipande cha babu, tikiti ya kazi ya shambani, barua ya kufukuzwa au picha iliyoandikwa nyuma, msiichome wala msiiache ilowe. Ikausheni, ipigeni picha, andikeni jina la mwenyewe, mahali alikotoka na mwaka aliofika, kisha pelekeni nakala kwenye maktaba ya kaunti. Na mzee akiwa bado yuko hai, muulizeni alipitia wapi, na nani alikuwa akiishi hapo alipofika.